Ira Hayes hakusahauliwa

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kwa nini askari aliyepokewa kwa shangwe huishia pabaya sifa zikipoa. Wengi husema ni kwa sababu husahauliwa. Kwa Ira Hayes sikubali. Watu walimkumbuka mno, tena vibaya.

Hayes alikuwa wa kabila la Wapima, Wamarekani asilia wa Gila River, Arizona. Tarehe 23 Februari 1945, katika Vita Kuu ya Pili, juu ya mlima Suribachi kwenye kisiwa cha Iwo Jima, Japani, yeye na wenzake watano wa Marine, askari wa majini wa Marekani, walisimamisha bendera ya nchi yao iliyofungwa kwenye bomba la maji. Ilikuwa ya pili siku hiyo. Ya kwanza, iliyokuwa ndogo, ilipandishwa mapema zaidi. Joe Rosenthal wa shirika la habari la AP akaipiga picha bendera hiyo ya pili, na picha hiyo ikapata umaarufu mkubwa. Watatu kati ya wale sita waliuawa hukohuko kisiwani.

Hayes na wawili wengine walioaminiwa kuwa ndio waliosalia waliondolewa vitani, wakazungushwa miji ya Marekani kuhimiza watu wanunue hati fungani za vita, yaani waikopeshe serikali fedha za vita. (Miongo mingi baadaye jeshi lilikiri kwamba wale wawili hawamo pichani.) Kampeni hiyo ilikusanya zaidi ya dola bilioni 26. Ziara ilikuwa treni, gwaride, hotuba, karamu, kisha treni tena, na kila mwenyeji alitaka kumnywesha shujaa. Mtu ametoka kuzika rafiki zake, analetewa pombe kila jioni, na wenzake wa kikosi wanaoelewa alichokiona wako mbali. Hayes alilewa, akarudishwa kikosini kabla ziara haijaisha.

Kilichomla zaidi, naamini, ni jina la marehemu. Aliyeshikilia kitako cha mlingoti alikuwa Harlon Block, lakini orodha rasmi ya waliomo pichani ilimtaja Hank Hansen, naye pia alikuwa ameuawa. Hayes alimweleza ofisa mmoja Washington. Akaambiwa majina yameshatangazwa, anyamaze. Basi akawa anapigiwa makofi jukwaani kwa habari aliyojua si sahihi. Mwaka 1946 aliomba lifti kutoka Arizona hadi kusini kabisa mwa Texas, akamweleza baba yake Block ukweli. Mama yake Block alikuwa ameshikilia tangu mwanzo kwamba mgongo ule pichani ni wa mwanawe. Jeshi lilisahihisha mwaka 1947.

Nyumbani nako kulikuwa kukavu. Walowezi walikuwa wamechepusha maji ya mto Gila tangu karne ya 19, mashamba ya Wapima yakafa. Hayes akawa kibarua wa kuchuma pamba, na wageni walimfuata hukohuko shambani kumuuliza kama ndiye yule wa bendera. Wamarekani asilia walioishi katika maeneo waliyotengewa huko Arizona hawakuruhusiwa kupiga kura hadi 1948. Alikamatwa kwa ulevi zaidi ya mara 50. Tarehe 24 Januari 1955 alikutwa amekufa, kwa pombe na baridi, akiwa na miaka 32.

Kwa hiyo mnaomwandalia askari mapokezi, kabla ya kukodi maturubai mtafutieni kazi ya kuanza juma hilohilo. Mezani wekeni maji na soda. Walipieni nauli wenzake wawili au watatu wa kikosi ili wakae karibu naye. Muulizeni faraghani ni marehemu gani anataka watajwe, na akisema orodha yenu ina kosa, isahihisheni kabla hajapanda jukwaani. Akikataa kuhutubia, msimshurutishe.