Dhoruba ya jua: mwanaanga ana dakika ngapi za kujificha?

SWALI: Nimesoma kwamba dhoruba ya jua huchukua siku mbili tatu kufika duniani. Kwa mwendo huo, wanaanga walioko mwezini au njiani kwenda Mirihi wana hofu gani? Si wataonywa mapema, wakaingia ndani?

JIBU: Siku mbili tatu ni kweli, ila hizo ni za wingu la gesi yenye sumaku, lile linalovuruga gridi za umeme. Mlipuko mkubwa hutanguliza mwanga na eksirei, vinavyotufikia kwa dakika 8 na kitu. Kati ya mwanga na wingu huja protoni, chembe ndogo mno zenye kasi kubwa, na hizo ndizo zinazomdhuru mwanaanga. Tarehe 20 Januari 2005 zilifikia kilele karibu na dunia ndani ya takriban robo saa tu. Aliye kilomita tano kutoka kwenye chombo chake mwezini, ndani ya lile vazi zito, hafiki.

Sisi tunakingwa na angahewa na sumaku ya dunia. Mwezini havipo vyote viwili. Safari ya mwezini ya Apollo 16 ilirudi Aprili 1972, Apollo 17 ikaondoka Desemba. Dhoruba kali ya mwaka ule ilipiga Agosti. Hapo hapakuwa na utabiri wowote, ilikuwa bahati.

Leo tuna ujanja mmoja ninaoupenda. Mlipuko unaorusha protoni hurusha pia elektroni, chembe nyepesi zaidi, na hizo, kwa wepesi wake, hutangulia, kama vile umeme unavyoonekana kabla ngurumo haijasikika. Chombo cha SOHO, kilichorushwa mwaka 1995 na kukaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani upande wa jua, kina kifaa cha kuzihesabu. Zikipanda ghafla, tunaweza kupata onyo la hadi saa moja hivi. Linatosha. Katika chombo cha Orion, wanaanga hujibana mahali pa kuwekea mizigo na kujizungushia mifuko ya vifaa, maana chochote kinachokaa kati yako na protoni ni ngao.

Kigumu zaidi ni kusema kwamba *hakutatokea* kitu. Anayetoka nje kwa saa sita au zaidi haulizi jua litalipuka lini, anauliza kama muda wake wote utakuwa shwari. Doa kubwa la jua, mahali milipuko inapozaliwa, linaweza kukaa kimya wiki nzima, na milipuko mingi haileti protoni za kutisha. Ukipiga king'ora kila mara, kazi haifanyiki. Na mara ya nne hakuna atakayekusikiliza.

Mirihi ina shida yake ya pekee. Protoni hufuata njia za sumaku zilizojipinda, kama maji ya mpira wa kumwagilia bustani unaozungushwa, kwa hiyo mlipuko unaoikosa dunia unaweza kuipata Mirihi. Tena kuna nyakati Mirihi inatazama upande wa jua ambao sisi hatuuoni kabisa. Tarehe 20 Mei 2024 mlipuko uliokadiriwa kuwa wa daraja la X12 (X ndiyo milipuko mikali kuliko yote) uliielekea. Roboti Curiosity, iliyoko Mirihi, ilipima mionzi ya maikrogrei 8,100, sawa na eksirei za kifua kama 30, na picha zake zikajaa madoa na michirizi. Kamera ambayo Mars Odyssey, chombo kinachoizunguka Mirihi, hutumia kujielekeza kwa nyota ilizimika kwa karibu saa nzima. Odyssey hiyohiyo, Oktoba 2003, ilipoteza kifaa chake cha kupima mionzi. Kipimo kiliuawa na kile kilichotumwa kukipima!

Roboti ikipofuka inaweza kusubiri, mtu hawezi. Na ujumbe kutoka duniani hadi Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na 22, kutegemea sayari zimekaaje. Onyo la robo saa likipitia kwetu kwanza linaweza kufika protoni zikiwa zimeshaingia, kwa hiyo kihesabu elektroni na kompyuta ya kuamua vinabidi visafiri na wanaanga wenyewe, na king'ora kilie bila kusubiri ruhusa ya mtu aliyeko duniani.