Maswali na Majibu: Huyo Uliyeuziwa Si Mbwa Mwitu

Kwa majuma kadhaa sasa maswali ya ng'ombe, kuku na samaki wa vizimba yamepungua mezani kwangu, na nafasi yake imechukuliwa na watoto wa mbwa wanaouzwa hapa Mwanza kwa jina la "chotara wa mbwa mwitu". Nimeyaunganisha maswali yanayofanana. Kabla ya kuyajibu, tukubaliane juu ya majina: yule wa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini nitamwita mbwa mwitu wa kijivu, na huyu wetu mwenye mabaka nitamwita mbwa mwitu wa Afrika, kwa maana nusu ya utapeli huu imejificha ndani ya jina hilo moja.

Shikamoo daktari. Nimenunua mtoto wa mbwa wa miezi minne kwa shilingi laki sita. Ana macho ya bluu, manyoya ya kijivu na uso wenye barakoa nyeupe. Muuzaji anasema baba yake ni mbwa mwitu. Nimekutumia picha. Je, ni kweli? (Msomaji, Igoma)

Marahaba. Si kweli, na macho hayo unayoyataja kwa fahari ndiyo yanayomuumbua muuzaji. Mtoto wa mbwa mwitu wa kijivu huzaliwa na macho ya bluu, lakini rangi hiyo huanza kubadilika akiwa na wiki chache tu, na kufikia umri wa mbwa wako huwa imeshaelekea njano au rangi ya asali. Mbwa mwitu mzima wa kijivu hana macho ya bluu. Hayo ni macho ya Husky, aina ya mbwa wa nyumbani wa nchi za baridi, na barakoa nyeupe iliyokatwa kwa mstari mkali kuzunguka uso ni ya Husky vilevile, kwa kuwa uso wa mbwa mwitu huwa na rangi zinazoingiana polepole bila mpaka wa wazi.

Ukitaka kumchunguza mbwa wa namna hii, acha kwanza kumtazama usoni, msimamishe mahali tambarare na uanzie chini. Mbwa mwitu wa kijivu ana miguu mirefu kuliko unavyotarajia, kifua chembamba kiasi kwamba miguu ya mbele hukaribiana, na nyayo kubwa zinazoonekana kama ameziazima kwa mnyama mwingine. Mkia wake hushuka moja kwa moja. Ukiona mkia umejikunja juu ya mgongo kama ndoano ya sangara, huna haja ya kuendelea na uchunguzi. Masikio yake si makubwa kama ya German Shepherd, na ndani yamejaa manyoya. Jike lake hupata joto mara moja tu kwa mwaka, wakati majike wengi wa mbwa wa nyumbani hupata takribani mara mbili. Hata hivyo hakuna alama moja inayotosha peke yake, na mwenye shaka ya kweli hupima vinasaba: maabara ya tiba ya wanyama ya Chuo Kikuu cha California, kampasi ya Davis, ina kipimo kinachoweza kutambua damu ya mbwa mwitu hadi vizazi vitatu nyuma.

Ninawaomba tena, na nimeshaomba mara nyingi, msinitumie picha za mbwa aliyekumbatiwa kochini. Mbwa aliyekumbatiwa hana miguu, hana kifua wala hana mkia.

Je, inawezekana mbwa wangu jike akazalishwa na mbwa mwitu wa Serengeti? Jirani yangu anauza watoto wa aina hiyo. (Msomaji, Magu)

Haiwezekani, na mwambie jirani yako kwamba nimesema hivyo. Mbwa wa nyumbani na mbwa mwitu wa kijivu ni ndugu wa karibu mno, ndiyo maana huzaliana na watoto wao pia huzaa. Mbwa mwitu wa Afrika ni wa jenasi nyingine kabisa, yaani kundi jingine la spishi, liitwalo Lycaon, na hajawahi kuthibitishwa kuzaa na mbwa. Kipimo chake hakihitaji maabara: mshike mtoto huyo mguu wa mbele, upapase upande wa ndani juu kidogo ya wayo. Ukikuta kijidole cha tano chenye ukucha, umemshika mbwa, kwa kuwa mbwa mwitu wa Afrika ana vidole vinne tu katika mguu wa mbele.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Mnyama wa nchi yetu aliye karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu kwa nasaba ni mbweha wa rangi ya dhahabu anayezurura mbuga za Serengeti, ambaye hakuna mtu anayejisumbua kumuuza. Mwaka 2015 watafiti wa vinasaba walionyesha kwamba huyo wa Afrika si spishi moja na mbweha wa dhahabu wa Ulaya na Asia, bali yuko karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu. Sisi tumeendelea kumwita mbweha, naye hana malalamiko.

Nimepewa karatasi inayosema mbwa wangu ni mbwa mwitu kwa asilimia 75. Inamaanisha nini? (Msomaji, Kirumba)

Inamaanisha kwamba muuzaji ana mashine ya kuchapisha.

Asilimia hizo ni hesabu ya kugawanya kwa mbili iliyofanywa juu ya wazazi ambao wewe hukuwaona. Hata pale ambapo wazazi wanajulikana, kuanzia kizazi cha pili watoto wa mzao mmoja hawarithi kwa kiwango sawa: mmoja atachukua zaidi upande wa mbwa, mwingine upande wa pili, nao wamenyonya ziwa moja. Ndiyo maana wenye kuijua kazi hii huuliza idadi ya vizazi. Uingereza, kwa mfano, chini ya sheria yake ya wanyama pori hatari ya mwaka 1976, kizazi cha kwanza na cha pili huhitaji leseni maalumu, na kuanzia cha tatu mnyama huhesabiwa kuwa mbwa. Zipo pia aina zinazotambuliwa rasmi, kama ile ambayo Karel Hartl aliianzisha huko Czechoslovakia mwaka 1955 kwa kuchanganya German Shepherd na mbwa mwitu wa milima ya Karpati, au ile ya Leendert Saarloos wa Uholanzi. Mbwa hao wana vitabu vya ukoo vinavyotaja wazazi kwa majina. Karatasi yako inamtaja nani?

Anabweka kidogo sana lakini usiku hulia kwa sauti ndefu. Je, hiyo si dalili? (Msomaji, Pasiansi)

Hapana. Mbwa koko wa mtaani kwako naye hulia hivyo akisikia king'ora.

Ninataka chotara wa kweli kwa ajili ya ulinzi wa nyumba na duka. Nitampata wapi? (Msomaji, Nyegezi)

Sitakuelekeza, na sababu ninaieleza kwa kirefu kwa kuwa swali hili ndilo lililonifanya niandike yote haya.

Mbwa mwitu si mlinzi. Mbwa wa nyumbani humbwekea mgeni kwa sababu kwa maelfu ya miaka watu wamechagua wale wanaobweka na kusimama, ilhali mbwa mwitu ameishi muda wote huo kwa kumkimbia mtu. Mwenye damu nyingi ya mbwa mwitu, mwizi akiingia, ana uwezekano mkubwa wa kujificha nyuma ya tangi la maji. Tena mtoto wa mbwa mwitu asipolelewa mkononi mwa mtu tangu kabla hajafungua macho vizuri, yaani katika wiki mbili za mwanzo, hatamzoea mtu kwa namna ya kutegemewa, wakati mtoto wa mbwa ana nafasi hiyo hadi karibu mwezi wa tatu. Hata aliyelelewa vizuri hufika umri wa kukomaa, kati ya mwaka mmoja na nusu na mitatu, akaanza kumpima bwana wake, kulinda chakula kwa meno na kuwatazama watoto wanaokimbia kama anavyotazama mbuzi.

Niliwahi kuitwa na familia moja kwenye mteremko wa Isamilo, iliyokuwa imeuziwa "mbwa mwitu" kwa fedha ambayo ingenunua ndama. Nilimkuta amefungwa mnyororo mfupi kwenye mti wa mwembe, shingo imechubuka hadi nyama kuonekana, mbele yake sinia la ugali mkavu bila hata dagaa mmoja. Hakuna aliyethubutu kumkaribia. Nilipapasa mguu, nikatazama mkia, nikafungua kinywa: alikuwa German Shepherd aliyechanganyika na mbwa wa kawaida, mwenye njaa. Walikuwa wamemwogopa kwa miezi minane kwa sababu ya jina, na kwa kumwogopa wakamfanya awe mkali kweli. Jina hilo ndilo lililomfunga mnyororo.

Je, sheria inaniruhusu kumfuga? (Msomaji, Ukerewe)

Mbwa, ndiyo. Mnyamapori, si bila kibali: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haikuachii uamuzi huo wewe wala muuzaji wako. Kwa mnyama anayetoka nje, utahitaji kibali cha kumwingiza nchini na cheti cha afya, na mbwa mwitu wa kijivu yumo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ujulikanao kwa kifupi kama CITES, ambao Tanzania ni mwanachama. Kwa hiyo anayekuambia kwamba baba wa mbwa wako aliletwa na rafiki yake "kwa njia ya kawaida" anakuuzia uongo au anakuuzia kesi.

Chanjo ya kawaida ya kichaa cha mbwa inamfaa chotara? (Msomaji, Buhongwa)

Hili ndilo swali nililokuwa nalingoja. Madaktari huitumia, lakini nchini Marekani, ambako chotara hawa ni wengi, hakuna chanjo ya kichaa iliyoidhinishwa rasmi kwa ajili yao. Maana yake huiona siku anapouma mtu. Mbwa wa kawaida aliyeuma na anaonekana mzima hufungiwa siku 10 na kutazamwa, kwa sababu tunajua jinsi kirusi kinavyojitokeza katika mbwa. Kwa chotara wa mbwa mwitu hatuna uhakika huo, na huko huweza kuhukumiwa kama mnyamapori, akauawa na kichwa chake kupelekwa maabara. Unayejisifu kwa majirani kwamba mbwa wako ni mbwa mwitu, fikiri utakavyojieleza siku hiyo.

Kwa hao mlio nao, ambao ni mbwa kama mbwa wengine, chanjo ni ya lazima: dozi ya kwanza akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Ni aibu kumkuta mtu aliyelipa laki sita kwa ajili ya jina, akikwepa chanjo. Takribani visa vyote vya kichaa kwa binadamu duniani hutokana na kuumwa na mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa dalili zikishaanza hakuna tiba. Nasi wa ukanda huu wa ziwa tuna deni la ziada: mbuga ya Serengeti inafika hadi Ndabaka, kando ya barabara ya Musoma, na mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa kirusi wa mbwa, uliohusishwa na mbwa wa vijijini, uliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Nimejenga ukuta wa futi sita lakini mbwa bado anatoka. (Msomaji, Mabatini)

Bila kufika kwako ninajua kuna jiwe. Nyumba zetu zimeegemea mawe, na jiwe lililo hatua mbili kutoka ukutani ni ngazi. Weka wavu unaoinamia ndani juu ya sehemu hiyo, na pale penye udongo laini zika wavu chini ya ukuta ili asichimbe. Kisha mtembeze asubuhi na jioni. Mbwa aliyechoka hapandi jiwe.

Wangu amefika miaka miwili, ameanza kuninguruma akila, na nina mtoto mdogo. Nimefikiria kumwachia porini au kumvusha hadi kisiwa cha Saanane. (Msomaji, Kisesa)

Usifanye lolote kati ya hayo. Saanane ni hifadhi ya taifa, na mbwa aliyetupwa porini atarudi kwenye zizi la mtu au atafia njiani. Leo hii mtenge na mtoto kwa mlango unaofungwa, mlishe akiwa peke yake na usimnyang'anye bakuli. Kisha mwite daktari wa mifugo wa kata yako ampime maumivu ya meno na masikio kabla ya kumlaumu babu yake wa kubuniwa. Kadi ya chanjo iwe mkononi atakapofika.