Waajiri na miradi ya wanafunzi: jibu la muanika dagaa wa Igombe

Mwalimu uliyeuliza kwa nini wafanyabiashara wa Mwanza wanapokea barua zenu za ushirikiano halafu kimya, nakujibu kama mmoja wa wanaozipokea. Naanika na kuuza dagaa Igombe, kando ya Ziwa Victoria. Tangu mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi sekondari, uanze 2024 barua zimeongezeka, na karibu zote zinaomba "fursa ya wanafunzi kujifunza". Sasa hapo nifanye nini? Niwatembeze mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, wapige picha?

Shule niliyofanya nayo kazi ilinipata kwa swali moja. Mwalimu alikuja mwenyewe akaniuliza, "Hela yako inapotelea wapi?" Nikamwonyesha mchangani. Dagaa wa kuanikwa chini wanashika mchanga, mvua ikinyesha wanaoza, na wengi wanaishia kuwa chakula cha kuku. Vijana wa kidato cha pili wakapewa kazi: watengeneze chanja, yaani kitanda cha wavu cha kuanikia dagaa juu ya ardhi, ambayo kina mama wanaoanika wataikubali.

Ya kwanza ilipendeza kwa macho ila ilikuwa pana mno. Mama mmoja alinyoosha mkono kugeuza dagaa wa katikati, hakufika. "Wanangu, hawa nitawageuza kwa fimbo?" Tena wavu ulibonyea dagaa wabichi walipomwagwa, wakarundikana bondeni. Vijana wakapima upya, wakapunguza upana, wakaongeza nguzo katikati. Hesabu ya ndoo mbichi kwa kilo kavu waliifanya papo hapo kwenye mizani yangu. Kwa kweli kina mama walisahihisha kuliko mimi na mwalimu.

Kingine ni ratiba. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi inapumzika. Ukija na kalenda ya muhula peke yake, utakuta chanja tupu, au kazi imetufika shingoni na hakuna wa kukusikiliza. Sisi tulijaribu chanja siku za giza, mbalamwezi tukakaa kurekebisha. Viwanda vya sangara na gereji navyo vina misimu yao, uliza kabla.

Ruhusa ya wazazi iwe ya maandishi, na mtoto asipande mtumbwi. Hilo halina mjadala.

Gharama pia andikeni mapema. Mbao na wavu nilinunua mimi, na chanja zikabaki kwangu. Anayetaka shule inunue vifaa halafu yeye abaki na chanja, huyo anatafuta vibarua wa bure. Mpite, nenda kwa jirani yake.