Aliyetoboa sufuria la mama mkwe anakujibu kuhusu kostiki

Mkuu, shusha hilo sufuria kwanza. Umeuliza vipimo, rangi, na bei ya jumla ya sabuni za miche, halafu katikati umechomeka kwamba kostiki soda, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, utaiyeyushia kwenye sufuria la alumini "kwa sababu halishiki kutu". Maneno hayohayo niliyasema mimi, na hapo ndipo nilipoliwa.

Alumini inashika kutu, tena upesi kuliko chuma. Ikiguswa na hewa tu, kila atomu ya alumini inaachia elektroni 3 na kila atomu ya oksijeni inapokea 2, kwa hiyo hesabu inakaa sawa kwa alumini 2 na oksijeni 3, chaji chanya na hasi zinavutana, wamefungana. Hiyo ndiyo oksaidi yake. Kutu ya chuma hubanduka, maji yakaendelea kuingia. Hii inang'ang'ania kama ngozi, nyembamba hata huioni, inazuia hewa isipenye. Ujue unayoitegemea ni hiyo ngozi, siyo alumini. Na kostiki inaila. Ikiisha, alumini iko uchi ndani ya maji, na haidrojeni inaanza kutoka.

Mimi muuza kostiki nilimuuliza, tena mara mbili. Akanijibu, "Sufuria lolote kaka, mradi halivuji." Mtu anauza dawa ya kutoa ngozi ya mkono, ushauri anaoutoa ni wa kupikia maharage! Halikuvuja, kweli. Siku ile.

Nilitia maji lita 5, nikamimina kostiki kilo 2 kasoro. Maji yakapata moto, hilo nililijua. Lililonishangaza ni povu: la kijivu, linapanda kama maziwa yaliyosahauliwa, na mvuke unaokaba koo. Nikajiambia dawa ina nguvu. Hatua mbili pembeni kuna jiko la mkaa, napashia mawese, na haidrojeni ni gesi inayolipuka. Mke wangu ndiye aliyelivutia jiko uani. Si kwa kujua kemia, moshi ulimkera tu.

Ningemwaga hapo, hasara ingekuwa kostiki peke yake. Kwa ubishi wangu nikamimina na mawese lita 15. Sabuni ikagoma kuganda, maana kostiki nyingi ilishamalizana na sufuria, mafuta yakakosa mwenzake. Siku ya tatu bado ni uji wa kijivu kwenye makasha. Mtaji wote pale, unanuka. Nikalisugua sufuria angalau liokoke, kidole kikapita chini kama kwenye karatasi iliyolowa. Lilikuwa la mama mkwe. Mpaka leo anajua limeazimwa msibani.

Kwa hiyo kostiki ni plastiki nene au stenlesi, basi. Ndoo ya bati lenye zinki nayo inaliwa vilevile, na kijiko cha alumini cha kukorogea usikithubutu. Kostiki ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kidogokidogo, nje penye upepo, umevaa glovu na miwani. Ukimwaga maji juu ya kostiki yatakurukia usoni.

Kuhusu vipimo, kwa mawese lita 15 mimi sasa natumia kostiki kilo 1.8, napima kwa mizani, siyo kwa kopo. Ndoo tafuta zile za plastiki za lita 20 zilizokuwa na rangi ya kupaka ukuta, mafundi wanaziuza rangi ikiisha. Ipindue uangalie kitakoni: kuna pembetatu yenye namba ya aina ya plastiki, na 2 au 5 ndiyo unayoitaka.