Barua kwa mwanangu: beringi tisa

Lubumbashi

Mwanangu Kapinga,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia leo kabla ya chai. Unaniuliza: "Baba, kama akili bandia inafunga hesabu kwa dakika chache, uhasibu huu niumalize wa nini?"

Umalize, mama. Lakini sitakuficha, hofu yako ina msingi. Mwanzoni mwa 2024 Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria kwamba akili bandia itagusa karibu asilimia 40 ya kazi duniani, na asilimia 26 katika nchi maskini. Kuguswa si kufutwa. Ila kazi za karani anayeanza ndizo zilizo karibu na moto: kuingiza ankara, kulinganisha daftari na taarifa ya benki, kuwaandikia wadeni.

Hapo ndipo panaponiuma, maana mimi nilijifunzia humo humo. Nilianza kwenye stoo ya vipuri, nikijaza kadi kwa mkono. Siku moja kadi ilisema tuna beringi 40. Mkubwa wangu akaniambia: nenda kahesabu. Nikapanda ngazi, nikazitoa moja moja kwenye karatasi zake za mafuta. Zilikuwa 31. Tisa zilichukuliwa na karakana usiku, bila saini ya mtu. Baadaye kompyuta ilikuja, ikajumlisha haraka kuliko sisi sote, lakini 40 ya uongo ilibaki 40 mpaka mtu apande ngazi.

Nchi yetu ilipoingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, mwaka 2012, ilibidi wahasibu wajifunze mpango mpya wa hesabu. Wenzangu waliojua kila namba imetoka wapi walivuka. Waliokariri akaunti tu walihangaika sana.

Basi itumie hiyo mashine, usiikimbie. Funga hesabu kwa mkono wako kwanza, ndipo uilinganishe na yake. Inaweza kukosea huku ikijibu kama mwenye uhakika, na asiyewahi kufunga hesabu mwenyewe atatia saini.

Nimeongea na baba yako mdogo mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Ukirudi likizo kutoka Kinshasa, atakukabidhi daftari la stoo na funguo. Uje na viatu vya kufunika vidole, misumari imezagaa pale.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako