Maswali na Majibu: Mishipa ya Damu Katika Saratani ya Mapafu

Shikamoo daktari. Mama yangu ana saratani ya mapafu iliyosambaa. Majibu ya kinyama (kipande cha uvimbe kilichotolewa kupimwa) yanasema: adenokarsinoma, TTF-1 chanya, p40 hasi, VEGF imeonekana kwa wingi. Tumeambiwa mtaani kwamba VEGF ikiwa nyingi lazima apewe dawa ya kukata mishipa ya uvimbe. Ni kweli? — Msomaji, Morogoro

Marahaba, na pole kwa kuuguza. Maneno yenye uzito katika majibu hayo ni yale ya mwanzo. TTF-1 na p40 ni protini zinazotambulisha aina ya seli: TTF-1 chanya na p40 hasi vinaunga mkono kwamba uvimbe ni adenokarsinoma, yaani saratani ya seli za tezi, si ule wa seli bapa, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama dawa unayoitaja inaweza hata kufikiriwa. Wingi wa VEGF hauamui.

VEGF ni protini ya kuita mishipa. Seli iliyo mbali na mshipa kwa zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za milimita huanza kukosa oksijeni. Hapo protini nyingine, HIF-1 alfa, ambayo kwa kawaida huvunjwa mara tu inapotengenezwa, inabaki nzima, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni la VEGF. VEGF hutoka nje, hushika kipokezi chake kwenye ukuta wa mshipa wa jirani, na ukuta huo unachipua. Judah Folkman wa Boston alipendekeza mwaka 1971 kwamba uvimbe ukinyimwa mishipa mipya hautakua, na dawa unayoitaja, bevasizumabu, imetokana na wazo hilo: ni kingamwili inayoinasa VEGF kabla haijafika kwenye kipokezi.

Kwa nini basi mwenye VEGF nyingi asipewe moja kwa moja? Kwa sababu hadi sasa hakuna kipimo cha VEGF, cha kinyama wala cha damu, kilichothibitishwa kutenganisha atakayenufaika na asiyenufaika. Rangi kwenye slaidi inaonyesha kwamba protini ipo; haionyeshi kwamba uvimbe unaitegemea. Zipo protini nyingine zinazoita mishipa, kama FGF na anjiopoietini-2. Tena uvimbe mwingine wa mapafu hauoteshi mishipa kabisa: unajaza vifuko vya hewa na kutumia mishipa iliyokuwa tayari kwenye kuta zake, jambo lililoelezwa mwaka 1997.

Faida yenyewe ni ya kiasi. Jaribio la Marekani la wagonjwa 878, lililochapishwa mwaka 2006, lilikuta muda wa kati wa kuishi ni miezi 12.3 kwa waliopata dawa mbili za kemotherapi, karboplatini na paklitakseli, pamoja na bevasizumabu, dhidi ya miezi 10.3 kwa waliopata zile mbili tu. Ni faida ya kweli, lakini familia isiuze shamba kwa sababu ya mstari mmoja wa VEGF. Kwanza mwulize daktari wa mama kama kinyama hicho kimepimwa jeni za EGFR na ALK, na protini ya PD-L1. Hivyo ndivyo vipimo vinavyobadilisha dawa, na vikihitajika vyote, kinyama kidogo kisimalizwe kwa kupaka VEGF.

Daktari, salaam. Tumeanza kutoa bevasizumabu kwenye wodi yetu. Ni makosa gani tuyakwepe? — Muuguzi, Mombasa

Kosa kubwa hutokea kabla chupa haijafunguliwa: kutouliza kuhusu damu. Mgonjwa aliyekohoa damu nyekundu ya nusu kijiko cha chai (mililita 2.5) au zaidi hivi karibuni asipewe. Katika majaribio ya mwanzo, waliotokwa damu nyingi mapafuni walikuwa hasa wenye uvimbe wa seli bapa, au uvimbe ulio karibu na mishipa mikubwa, au wenye shimo ndani. Huku kwetu wengi wamewahi kuugua kifua kikuu, na kovu la zamani nalo hutoa damu. Msiruhusu maelezo hayo yawatulize. Ikiwa damu ni ya karibuni, dawa isubiri hata kama chanzo ni kovu.

Uliza pia kuhusu upasuaji. Zipite angalau siku 28 na kidonda kiwe kimefunga kabisa, kwani kidonda nacho hupona kwa kuotesha mishipa. Pima presha na protini kwenye mkojo kila mara. Kipimo cha mkojo kikisoma 2+, kusanya mkojo wa saa 24. Ukiwa na gramu 2 za protini au zaidi, simamisha.

Dozi pamoja na karboplatini na paklitakseli ni miligramu 15 kwa kilo, kila wiki 3. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji miligramu 900, yaani mililita 36: chupa mbili za miligramu 400 na moja ya 100. Changanya na chumvi ya asilimia 0.9 hadi jumla ya mililita 100, bila kutikisa. Msitumie maji ya glukosi. Dripu ya kwanza iende dakika 90. Akiivumilia, ya pili 60, kisha 30. Isisukumwe kwa bomba la sindano. Maumivu makali ya ghafla ya tumbo baada ya dawa yachukuliwe kama utumbo uliotoboka hadi ithibitishwe vinginevyo.

Tunahesabu mishipa kwa CD31 (protini ya seli za ukuta wa mishipa, tunayoipaka rangi) kwa ajili ya utafiti. Wasomaji wawili wa slaidi ileile wanapata namba tofauti kabisa. — Mteknolojia wa maabara, Mwanza

Angalieni hadubini kwanza. Lenzi ya 20 yenye namba ya uwanja 22 (namba iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho) inaonyesha eneo la milimita 0.95 za mraba. Yenye namba 18 inaonyesha 0.64 tu. Mishipa 60 kwa ya kwanza ni 63 kwa milimita ya mraba, kwa ya pili ni 94. Andikeni kwa milimita ya mraba, msiandike "kwa uwanja".

Pili, kubalianeni nini kihesabiwe. Tafuteni kwa ukuzaji mdogo sehemu tatu zenye mishipa mingi zaidi, kisha hesabuni kwa ukuzaji wa mara 200. Seli moja ya ukuta iliyoshika rangi na kujitenga huhesabiwa, hata bila tundu. Rangi ya CD31 hushika pia makrofaji, seli zinazomeza uchafu, na mapafu yamejaa makrofaji. Masizi ya kuni na mkaa nayo huonekana meusi karibu na kahawia ya DAB, rangi inayoonyesha CD31, kwa hiyo wekeni kando slaidi isiyopakwa kingamwili ya kwanza mlinganishe.

Rangi ikiwa hafifu kote, tazameni kapilari za pafu lisilo na uvimbe pembeni: zisiposhika rangi, tatizo ni kinyama. Mara nyingi kilichelewa kuingia kwenye formalini, au formalini haikuwa na bafa, au ilikuwa chini ya mara 10 ya ujazo wa kinyama. Na kinyama cha sindano msikihesabie mishipa kabisa. Ni kidogo mno kubeba sehemu zenye mishipa mingi.

Je, VEGF ya damu ipimwe kwenye seramu au plazma? — Msomaji, Arusha

Plazma, yaani majimaji ya damu isiyoganda. Damu ikiganda, chembe sahani humwaga VEGF ziliyoihifadhi, na seramu, majimaji yanayobaki baada ya damu kuganda, husoma juu kuliko hali halisi. Tumieni tubu ya EDTA, inayozuia damu kuganda, mzungushe sampuli mapema na kuondoa plazma bila kugusa tabaka la chembe chini yake.