Jibu: Kumtumia mama peremende za CBN ili apate usingizi

Dada, pole. Mama wa miaka 68 kukesha hadi alfajiri si jambo dogo, na naelewa kwa nini peremende za CBN za huko Marekani zimekuvutia. Ila usizipakie kwenye begi la Tanga.

Kanabinoli, yaani hiyo CBN, hutokea THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, inapozeeka kwa hewa na mwanga. Bangi kuukuu ndiyo huwa nayo nyingi. Wanakemia wa Cambridge waliitenga mwishoni mwa karne ya 19, lakini hadi leo ushahidi kwamba inaleta usingizi ni haba. Wengi wanaoisifu wamemeza peremende zilizochanganywa na THC au CBD, kemikali nyingine ya bangi. Mimi zilinilaza kweli, asubuhi kichwa kizito kama gunia.

Kinachonitisha ni hiyo warfarin anayotumia mama, dawa ya kuzuia damu kuganda. CBD inaweza kuizidisha nguvu, avuje damu. Isitoshe, Tanzania bangi ni marufuku, hata ikivaa sukari.

Muulize kwanza anakunywa chai saa ngapi, analala mchana kiasi gani, anaamka kukojoa mara ngapi. Kisha aende kliniki na dawa zake zote, hata za miti shamba. Akitoka damu puani au kwenye fizi, asingoje miadi.